Maji Saa Ngapi?

Kayaki mbili zilifungwa juu ya keria ya gari kwa kamba za katani, na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja, alizunguka akivuta kila fundo kuona kama limekaza. Ilikuwa alfajiri ya tarehe 12 Juni 2019, wiki moja baada ya Idi, na shule zilikuwa zimefungwa. Mdogo wangu ndiye aliyeziazima kayaki hizo kwa rafiki zake wa Dar es Salaam. Alitaka tuione pwani kuanzia Bagamoyo mpaka Tanga kwa barabara ya chini, ile inayofuata bahari, tukilala kwenye mahema. Mimi ni mtu wa bara. Nimezaliwa Dakawa, kando ya mto Wami, na siku ile nilikuwa na miaka kumi na miwili ya kufundisha Jiografia katika shule moja ya sekondari Morogoro. Bahari nilikuwa nimeiona mara nne au tano, kila mara mchana, kila mara kwa saa mbili tatu, nikiwa nimevaa viatu.

Mama yangu alipoona tunapakia mahema alihuzunika. Aliuliza kama pesa ya gesti imepungua, akataka kutuongezea. Kwake yeye, na kwa watu wengi ninaowafahamu, hema ni la mwanajeshi, la mkimbizi au la mtalii Mzungu. Sikuwa na jibu la kumpa. Nililipata siku mbili baadaye kinywani mwa mvuvi mzee wa Ushongo, aliyelitazama hema letu akauliza kama mtu anayeuliza jambo la kila siku, "Mmepiga dago?" Dago ni kambi ya wavuvi. Watu huhama na nyavu zao na vyungu vyao wakaishi ufukweni wiki kadhaa, wakifuata samaki, kisha hurudi makwao. Nilimpigia mama simu jioni ileile nikamwambia tumepiga dago. Akacheka, na sauti yake ikatulia.

Bagamoyo tulipita upesi. Mji ule una mengi mno, unataka safari yake wenyewe. Tulinunua mkate wa kumimina, tukaenda Kaole kusimama kidogo mbele ya makaburi ya kale, kisha tukashika njia ya Makurunge. Masika ilikuwa imekwisha lakini barabara haijakauka, na mara mbili tulishuka kusukuma.

Saadani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, nayo ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara ambamo nyika inaishia kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Tulipiga kambi ufukweni, katika eneo la kambi la hifadhi. Asubuhi tulikuta nyayo za ngiri zimepita kati ya hema letu na maji. Siku nzima tulizunguka kwa gari. Tuliona twiga, kuro, kongoni, tohe, kundi la nyani kando ya njia, na kwenye mashamba ya chumvi heroe wamesimama kwa mguu mmoja mmoja. Mdogo wangu alikuwa na daftari, akiandika kila jina na saa. Kila tulipomwona mnyama tulisimama dakika mbili, tukapiga picha, tukaenda kumtafuta mwingine. Ile orodha ninayo mpaka leo. Ni ndefu, lakini nikiisoma hakuna mnyama hata mmoja anayenijia machoni akifanya jambo.

Kilichobaki kwangu Saadani ni Wami. Tulipanga kupanda boti na askari wa hifadhi saa mbili asubuhi. Saa mbili ikafika, boti imelala kwenye tope, na askari ameketi juu ya gogo. "Tungoje maji yapande, mama," akasema. Nilikasirika moyoni. Mto si bahari, nilijiambia. Mto una maji yake saa zote. Tulingoja hadi mto ukaanza kuvimba taratibu kutoka upande usiotarajiwa, kutoka chini, na majani makavu yakaanza kuelea kurudi kule yalikotoka. Karibu na mdomo wake, Wami husikiliza bahari.

Naomba msomaji anivumilie hapa, maana mto huu ni wa kwetu. Dakawa tulichota maji yake, tukafulia ndani yake, tukakatazwa kuogelea kwa sababu ya mamba. Maji yake yanashuka kutoka milima ya Ukaguru na Nguru, na mvua ikinyesha huko juu mto hugeuka mwekundu kama chai ya rangi. Nikiwa mtoto nilidhani unaishia pale macho yangu yanapoishia. Sasa nilikuwa ndani yake tena, nina miaka thelathini na minane, ninausindikiza hadi mwisho wake. Viboko walitutazama kwa masikio. Mamba mmoja aliteleza ukingoni pasipo sauti. Juu ya miti mbega walikuwa wameninginiza mikia yao myeupe, na kila tuliposogea chini miti ilibadilika: kwanza miti mirefu ya kingo, kisha mikindu, kisha mikoko, na maji yakawa na chumvi ulimini. Askari alichota kiganja cha tope akamwonyesha binti yangu. Alisema kamba wachanga hukulia humu, katikati ya mizizi ya mikoko, kabla ya kutoka kwenda baharini, na ndio maana wavuvi wa Saadani wanaishi kwa kamba. Udongo ule ulikuwa mwekundu. Niliujua.

Tulifika Ushongo tarehe 14, alasiri. Ni ufuko wa minazi upande wa kusini wa mdomo wa mto Pangani, na mbele yake bahari ni pana na ya upole kwa sababu miamba ya nje inavunja mawimbi. Hapo ndipo kayaki zilipoteremshwa kwa mara ya kwanza. Mdogo wangu alitufundisha kukaa, kushika kafi, kutupa nguvu kiunoni na si mikononi. Binti yangu alijua ndani ya nusu saa. Mimi nilihitaji jioni nzima, na ilipofika magharibi, maji yakiwa kama kioo, kafi ikiingia bila kelele, nilielewa kwa nini watu huacha nyumba zao kwa ajili ya jambo hili. Unakuwa umeketi usawa wa maji. Yangeyange anapita mbele ya uso wako, si juu ya kichwa chako.

Yule mzee alikuwa amekaa chini ya mnazi akishona wavu. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akainuka kuichunguza kayaki. Aliigonga kwa kidole, akaiinua upande mmoja, akauliza, "Haina mrengu?" Mdogo wangu akamweleza kwamba haihitaji. Mzee akatikisa kichwa kwa adabu ya mtu asiyetaka kubishana na mgeni. Kisha akatazama mahali tuliposimamisha hema, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, maji ya usiku mmeyauliza?"

Nilimjibu kwamba nimeangalia. Na kweli nilikuwa nimeangalia. Nilijua kwamba maji yakifika kikomo chake huacha mstari wa mwani na vijiti. Nilikuwa nimeutafuta mstari huo, nikaupata ukiwa bado mbichi, nikahesabu hatua nane juu yake. Mzee hakusema zaidi. Usiku ule maji yalikuja yakasimama mbali kidogo na hema, nami asubuhi niliridhika.

Usiku wa pili, mnamo saa nane na nusu, binti yangu aliniamsha. "Mama, godoro linatembea." Niliweka mkono chini nikagusa maji. Wimbi lililofuata liliingia kwa mlango, likabeba viatu, sufuria, mfuko wa unga na daftari la mdogo wangu. Hakuna aliyeumia. Tuliburuta hema hadi kwenye minazi, tukaketi juu ya kayaki zilizopinduliwa hadi kulipopambazuka, tumejifunga khanga, upepo wa kusi ukitupuliza mgongoni. Niliogopa zaidi baadaye, nilipopata nafasi ya kufikiri kwamba mtoto angeweza kuwa amelala usingizi mzito kuliko wangu.

Mzee alikuja alfajiri baada ya sala. Hakusema "niliwaambia." Alituletea buli la chai ya tangawizi, kisha akanishika mkono akanipeleka juu, karibu na mizizi ya minazi, akaonyesha mstari mwingine wa mwani. Huo ulikuwa mkavu, mweusi, umevunjikavunjika. Nilikuwa nimeuona siku ya kwanza nikadhani ni takataka zilizofagiliwa.

"Hizi ni za Idi," akasema. "Mwezi ulipoandama. Maji ya bamvua yalifika hapa. Sasa mwezi unakwenda kumi na tano, yanarudi."

Akanihesabia kwa vidole. Mwezi ukiandama na mwezi ukijaa, maji ni bamvua: yanajaa sana na yanapwa sana, na pwani hii yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku yanachelewa kidogo, haifiki saa nzima. Ukifika mwezi saba au nane, au ishirini na mbili, yanakuwa maji mafu. Hayaji mbali wala hayaendi mbali. Kati ya maji mafu na bamvua kila usiku maji hupanda kuliko jana yake. Kwa hiyo alama ya jana haikuambii ya leo. Mvuvi anapolala anajua kesho maji saa ngapi, kama vile mtu wa mjini anavyojua kesho ni Jumatatu.

Binti yangu alikuwa akisikiliza. Mzee akamuuliza, "Mama yako anafanya kazi gani?"

"Mwalimu wa Jiografia, babu."

"Basi maji anayajua."

Nilinyamaza, na ukimya ule ninaukumbuka vizuri. Nilikuwa nayajua. Kwa miaka kumi na miwili, kila Kidato cha Kwanza walipofika kwenye mfumo wa jua, nilichora ubaoni jua, mwezi na dunia katika mstari mmoja, nikaeleza jinsi mvuto wa jua unavyojumlishwa na wa mwezi, kisha nikachora mwezi pembeni na kueleza jinsi mivuto hiyo miwili inavyopunguzana nguvu. Niliyafundisha hayo yote kwa Kiingereza, kama mtaala wa sekondari unavyotaka, na wanafunzi waliyakariri kwa Kiingereza wakapata alama. Aliyoyasema mzee yalikuwa yaleyale. Lakini elimu yangu ilikuwa imefungwa ndani ya maneno ambayo sijawahi kuyatamka nikiwa nimesimama juu ya mchanga, na nilipofika juu ya mchanga haikutoka. Neno bamvua, ambalo ni la lugha yangu mwenyewe, nililisikia likitumika kwa mara ya kwanza asubuhi ile, kutoka kwa mtu aliyeniambia kwamba shule aliiacha darasa la tatu.

Sisemi kwamba Kiingereza ni kibaya. Ninasema kwamba mtoto wangu alilala mahali ambapo mama yake, kwa cheti alichonacho, hakupaswa kumlaza.

Siku hiyohiyo tulikwenda Maziwe. Mdogo wangu alitaka tuende kwa kayaki, maana fungu lile la mchanga liko umbali wa kilomita kama nane tu. Mzee alikataa. "Kwa kusi hili?" Ilitosha. Tukapanda ngalawa ya mwanawe saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili tufike maji yakiwa yanapwa, maana Maziwe huonekana maji yakipwa tu. Bahari ikijaa unaweza kupita juu yake.

Haikuwa hivyo zamani. Maziwe ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, ikiwa bado kisiwa chenye miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga mayai kwa wingi. Miaka michache baadaye miti ilikwisha, mchanga ukakosa wa kuushika, na kisiwa kikabaki fungu. Wapo wanaosema miti ilikatwa, wapo wanaosema bahari ndiyo iliyoila. Nadhani yote mawili yalisaidiana. Nahodha wetu alisema baba yake akiwa kijana alipiga dago pale, chini ya mivinje. Tulisimama juu ya mchanga mweupe usio na kivuli, tukatazama matumbawe na samaki wa rangi kwa miwani ya kupigia mbizi, na saa nne ilipopita nahodha akatuita. Tulipogeuka nyuma, nusu ya mahali tulipokuwa tumesimama palikuwa maji.

Kasa bado wanakuja. Kasa jike harudi kule alikozaliwa kwa kubahatisha. Anarudi hata kama kisiwa hakipo tena kama kilivyokuwa. Anayeachia mayai Maziwe siku hizi anayaachia maji, kwa sababu hakuna sehemu iliyo juu ya bamvua. Hivyo watu wa Ushongo huyahamisha, huyafukia upande wa bara na kuyalinda kwa siku zipatazo sitini hadi yanapoanguliwa. Wapo pia kasa wanaotaga Ushongo kwenyewe, na jioni ile tuliitwa kutazama kiota kimoja cha namna hiyo. Kilikuwa nyuma ya hema letu, pale tulipolihamishia, juu ya mstari wa Idi, mahali ambapo mchanga unaanza kushikwa na majani. Kasa yule alipanda pale mwezi wa nne, usiku, akiburuta mwili wake, akaupita mstari wa jana, akaupita mstari wa bamvua, ndipo akachimba.

Mchanga ulianza kutetemeka jua likizama. Kikatoka kichwa kimoja, cheusi, si kikubwa kuliko ncha ya kidole gumba, kisha mchanga wote ukachemka. Tuliambiwa tusiwashike, tusiwashe taa, tusisimame mbele yao, kwa sababu wanaifuata nuru ya upeo wa bahari na taa yoyote nyuma yao huwapoteza. Kaa walikuwa wakingoja, na vijana wa kijiji waliwafukuza kwa fimbo. Binti yangu alihesabu sabini na wawili. Wa mwisho alikuwa na pezi moja lililopinda, akawa anazunguka. Hakuna aliyemshika. Wimbi refu lilikuja likamchukua, na watu wazima tuliokuwa pale tulipumua kwa pamoja.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ilikuwa na siku kumi na sita tu tangu ianze, tarehe mosi Juni. Tulikuwa tumebeba vyakula kwenye vikapu, tukilalamika. Baada ya jioni ile sikulalamika tena, maana mfuko ukielea hufanana na yavuyavu, na kasa hula yavuyavu.

Tarehe 17 tulivuka mto kwa kivuko kutoka Bweni kwenda Pangani mjini. Kivukoni watu hawakuzungumza jambo jingine ila Taifa Stars, iliyokuwa karibu kuanza fainali za Afrika nchini Misri, za kwanza kwake tangu 1980. Pangani tulinunua kapu la machungwa ya Muheza, tukaendelea kaskazini kupitia mashamba ya katani hadi Tongoni.

Tongo ni mahame, mahali palipowahi kuwa na watu. Tongoni pana mabaki ya msikiti wa kale na makaburi kama arobaini, baadhi yakiwa na nguzo, yakitazama ghuba iliyozungushiwa mikoko. Ghuba hiyo ndiyo Mtangata ya vitabu vya kale. Tulimwona mwenyekiti wa kijiji, akaturuhusu kupiga hema kwenye uwanja wa nyumba ya jirani yake. Mwezi ulikuwa umejaa. Nilihesabu kama nilivyofundishwa: kesho maji yatajaa baada ya saa kumi alfajiri, yatapwa mnamo saa tano kasoro. Tukiingia kwenye mikoko saa kumi na mbili, tuna hadi saa tatu kutoka.

Tuliingia na kayaki zetu kwenye hori jembamba. Juu matawi yalikutana, chini maji yalikuwa ya kijani, na mizizi ya mikoko ilisimama kando kama nguzo za ukumbi. Mdogo wangu mbele, mimi na binti yangu nyuma. Tuliingia ndani sana, kwa sababu palikuwa pazuri. Saa mbili ilipofika tuligeuka, na pale tulipopitia hapakuwa na maji. Palikuwa na tope linalong'aa na mfereji wa upana wa kiganja. Tulijaribu kusukuma, mguu ukazama hadi gotini.

Mwanamke mmoja alitokea kati ya miti, amejifunga khanga kiunoni, na kikapu cha kaa na chaza mgongoni. Hakushangaa. "Dada, maji mliyaulizia wapi?" Nikamwambia hesabu yangu. Akasema hesabu ni sahihi kwa bahari. "Lakini hori huanza kukauka kabla ya bahari, na bahari ikirudi, hori hulifikia mwisho." Akaonyesha mchu mmoja. "Mizizi ile ikilowa, jiandaeni." Akaenda zake kwa miguu iliyojua pa kukanyaga.

Tulikaa pale hadi saa saba mchana. Katika safari yote, hakuna saa tano nilizopata faida kama hizo.

Mwanzoni hatukuona kitu. Tope tu. Kisha, kwa kuwa tulikuwa tumetulia, tope likaanza kufunguka. Kaa wadogo walitoka kwenye matundu yao, kila dume ana gando moja kubwa kuliko mwili wake, akilipungia huku na huko. Binti yangu aliuliza wanamwita nani, nasi tukatazama hadi tukaelewa: majike wanapita, na madume jirani wanapigania tundu. Samaki wenye macho juu ya kichwa walitambaa kwa mapezi yao ya mbele juu ya tope, wakapanda mizizi, wakaketi hewani kama mijusi. Mmoja alikuwa na eneo lake karibu na kafi yangu. Kila mwenzake alipokaribia aliinua pezi la mgongo, likasimama kama tanga. Mdiria mwenye mdomo mwekundu alirudi kwenye tawi lilelile mara kumi na moja, na mara nne alikuwa na kaa, akimgonga kwenye tawi hadi miguu ikatoka. Tumbili wawili walishuka wakatukagua, wakaokota walichokiona wao. Tope lenyewe lilikuwa na sauti, mlio mdogo usiokoma, kama mafuta yakianza kupata moto. Mdogo wangu hakuandika. Daftari lake lilikuwa limechukuliwa na bahari, na nadhani ndiyo sababu alitazama.

Tulikula machungwa. Nikawasimulia kwamba hatukuwa wa kwanza kukwama Mtangata. Aprili 1498 meli ya São Rafael, mojawapo ya tatu alizobaki nazo Vasco da Gama, ilipanda fungu mbele ya pwani hii kabla ya mapambazuko. Maji yakapwa, ikabaki kavu. Wenyeji waliwaendea kwa vyombo vyao, wakiwa na machungwa ambayo mwandishi wa safari ile aliyasifu kuliko ya Ureno. Wenyeji wale walijua maji saa ngapi. Bahari ikajaa, meli ikaelea, ikaenda. Januari 1499, wakiwa njiani kurudi, mabaharia wengi wamekufa na waliobaki wakiwa wachache mno kuendesha meli tatu, waliichoma moto hapahapa. Binti yangu akauliza kama wenyeji waliwaambia kuhusu hori. Sikujua.

Mizizi ya mchu ikalowa. Maji yalikuja kimya, yakiwa na povu jembamba mbele, na kaa wakafunga milango yao mmoja mmoja. Kayaki ikatikisika, ikasimama, ikatikisika tena, kisha ikawa nyepesi.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba nilifika kwenye mada ya mfumo wa jua. Sikuchora kwanza. Niliandika ubaoni neno moja, bamvua, nikauliza nani analijua. Darasa la watoto zaidi ya hamsini wa Morogoro lilinyamaza. Kisha msichana mmoja wa nyuma, ambaye tangu Januari sikuwahi kumsikia akijibu swali, akanyoosha mkono. Bibi yake ni wa Mafia, likizo huenda kwake. Alisimama akaeleza bamvua, akaeleza maji mafu ambayo sikuyauliza, akaeleza kwa nini bibi yake huenda kutafuta pweza siku fulani za mwezi na siku nyingine akabaki nyumbani. Wenzake waligeuza viti kumsikiliza. Nilipomaliza kuchora jua, mwezi na dunia walikuwa wameshaelewa, na maneno ya Kiingereza yaliwachukua dakika tano.

Tangu hapo nafundisha hivyo kila mwaka. Walimu wenzangu mnaofundisha mada hii, jaribuni. Katika kila darasa yupo mwenye bibi au babu wa pwani, na kama ni Kigoma au Mwanza yupo mwenye babu wa ziwa, ana upepo wake na maneno yake. Yule msichana amekwisha kumaliza Kidato cha Nne. Swali la maji kujaa na kupwa, linapotoka kwenye mtihani wa taifa wa Jiografia, bado linaulizwa kwa Kiingereza na kujibiwa kwa Kiingereza.